Kutoka Kitale na Bungoma hadi fuo za Pwani: Mambo ya kujua kabla ya kukanyaga mchanga

IFIKAPO juma la pili la Desemba, vituo vya mabasi vya Kitale na Bungoma hubadilika sura. Magunia ya mahindi na kuku waliofungwa miguu hupakiwa kwenye magari yanayoelekea Nairobi na Mombasa, na miongoni mwa abiria hawakosi watoto ambao hawajawahi kuiona bahari ila katika picha za kalenda.

Zamani safari hii ilikuwa ya kuwajulia hali jamaa walioajiriwa bandarini au viwandani. Tangu reli ilipofika Kitale mwaka 1926, na njia kuu ipitayo Bungoma ikakamilika hadi Kampala mwaka 1931, vijana wa magharibi mwa nchi walishuka Mombasa kutafuta kazi, na wengi wakaweka makao Changamwe, Magongo, Likoni na Kisauni. Siku hizi aghalabu huwa ni matembezi yenyewe. Familia huweka akiba mwaka mzima ili zikae siku nne au tano ufuoni, zile wali wa nazi na zirudi na picha.

Hata hivyo, wengi husafiri pasipo kuambiwa jinsi bahari inavyofanya kazi. Kuna wanaofika ufuoni saa nne asubuhi wakakuta maji yamekwenda zao na kubaki mawe, mwani na madimbwi, wakadhani wamedanganywa. Wengine hupatwa na makubwa zaidi ya hayo, kwani karibu kila msimu wa sherehe huripotiwa visa vya watu kuzama katika fuo za umma, na aghalabu waathiriwa huwa ni wageni kutoka bara.

Ugeni huo una sababu ya kijiografia. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Bungoma takriban mita 1,400, na mito ya huko haielekei Bahari ya Hindi kamwe. Mvua inyeshayo katika milima ya Cherangany na mteremko wa kusini wa Mlima Elgon huingia mto Nzoia, ukapita Webuye na kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria, na kutoka huko maji huufuata mto Nile hadi bahari ya Mediterania, nchini Misri. Maji ya mto Suam, upande wa kaskazini wa mlima, huishia Ziwa Turkana kupitia Turkwel. Mtu wa Trans Nzoia anayeshuka Mombasa huenda kinyume cha kila mto aliowahi kuuvuka akiwa mtoto.

Maji kupwa na kujaa

Jambo la kwanza ambalo mgeni hana budi kulielewa ni kupwa na kujaa kwa maji. Mvuto wa mwezi, ukisaidiwa na ule wa jua, huinua na kushusha maji ya bahari mara mbili kila baada ya saa 24 na dakika 50 hivi. Katika pwani ya Kenya tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyokupwa huweza kupita mita tatu, yaani zaidi ya kimo cha mlango wa nyumba. Kwa kuwa fuo nyingi zina mteremko mdogo sana, kushuka huko kwa mita tatu huyarudisha maji nyuma mamia ya mita.

Hapa ndipo picha za kigeni zinapopotosha. Kadi na matangazo ya visiwa vya Karibi, kama vile Barbados na Antigua, huonyesha maji ya samawati yakilamba mchanga wakati wote. Si uongo, kwani katika sehemu nyingi za bahari ile tofauti ya kupwa na kujaa haifiki hata nusu mita. Anayetarajia hali iyo hiyo Diani au Bamburi atakuwa anaidai bahari ya Kenya kitu ambacho haina.

Badala yake ina utaratibu ambao wavuvi wameujua kwa karne nyingi, na ambao mtu wa Kimilili anaweza kuutumia akiutazama mwezi tu. Siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu huwa kuna bamvua, wakati ambapo maji hujaa sana na kukupwa sana. Katika siku hizo, kwenye pwani ya Kenya, maji hukupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Asubuhi basi ni wakati wa kutembea juu ya miamba pamoja na mwongozaji na kuwatazama samaki katika madimbwi, na alasiri ni wakati wa kuogelea. Baada ya juma moja hivi, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu. Tofauti huwa ndogo, na maji hujaa kwa kiasi asubuhi, karibu saa nne, kisha yakashuka alasiri.

Kati ya siku hizo saa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Ikiwa leo maji yamejaa saa nane mchana, kesho yatajaa karibu saa nane na dakika 50. Mzazi anayepanga siku tano ufuoni anaweza kuzihesabu saa hizi mapema akiwa bado Kiminini, na akawaepusha watoto na kilio cha kufika pahali pasipo na maji. Mhudumu yeyote wa boti pia atazitaja saa hizo bila kulazimika kufungua kitabu.

Mchanga mweupe watoka wapi

Mchanga wa Diani, Tiwi na Watamu ni mweupe kwa sababu kwa sehemu kubwa haukutoka ardhini. Ni vipande vya matumbawe, makombe na mimea ya baharini yenye chokaa, vilivyosagwa na mawimbi kwa muda mrefu. Hata samaki hushiriki kazi hiyo. Pono, ambaye meno yake yameungana mfano wa mdomo wa kasuku, huutafuna mwamba ili apate chakula na kutoa chokaa iliyosagika kama unga. Mgeni anayesifu ulaini wa mchanga huwa, bila kujua, anawasifu pia samaki hao.

Malindi hali ni tofauti. Mto Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi na Galana, huteremsha udongo mwingi wa bara na kuumwaga baharini kaskazini mwa mji. Msimu wa mvua maji ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na mchanga wa huko na wa Mambrui una rangi ya hudhurungi inayometameta. Hilo halina ubaya wowote kwa anayetaka kutembea, ila anayetaka kuona samaki chini ya maji na afike miezi ya kiangazi au aende Watamu.

Matumbawe yenyewe ni viumbe hai, na si wagumu kama wanavyoonekana. Joto la bahari lililoandamana na El Nino mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe katika pwani ya Kenya, na baadhi ya sehemu zilichukua miaka mingi kupona. Kusimama juu yake au kuyavunja ili kubeba kumbukumbu nyumbani Webuye ni kuharibu ukuta unaozuia mawimbi makubwa yasifike ufuoni.

Ukuta huo ndio unaofanya fuo nyingi za Kenya zionekane kama bwawa tulivu. Mwamba hupita sambamba na nchi kavu, mamia ya mita kutoka ufuoni na mahali pengine zaidi ya kilomita moja. Mawimbi ya bahari kuu hupasukia juu yake, na ndani yake hubaki maji ya kina kifupi. Utulivu huo ndio unaowadanganya wageni.

Hatari iliyojificha katika utulivu

Mwamba una mapengo, ambayo wenyeji huyaita milango. Hutokea hasa mbele ya mito na hori, mathalan Mtwapa, Kilifi na Mida, kwa kuwa matumbawe hayastawi penye maji baridi na matope. Maji yanapoanza kukupwa, yote yaliyojaa ndani ya mwamba hutafuta njia ya kutoka, na njia ni milango hiyo. Mkondo wake huwa na nguvu kuliko mwogeleaji yeyote, na humvuta mtu kuelekea bahari kuu ilhali uso wa maji unaonekana shwari.

Kijana aliyejifunza kuogelea Nzoia au katika bwawa la shamba huwa na imani kubwa katika mikono yake, na mwanzoni bahari humthibitishia imani hiyo. Maji ya chumvi, yenye takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, ni mazito kidogo kuliko ya mto, hivyo mwili huelea kwa wepesi. Tatizo huanza anapotaka kurudi. Mtoni ukingo mwingine hauko mbali, na mkondo huelekea upande mmoja unaojulikana. Baharini mkondo hugeuka kila baada ya saa sita, na ng'ambo ya pili hakuna kitu.

Anayejikuta akivutwa hapaswi kushindana na mkondo kwa kuogelea moja kwa moja kuelekea ufuoni. Hilo huwachosha hata waogeleaji hodari, na uchovu ndio unaoua. Inafaa kulala chali na kuelea, kuinua mkono na kuita, kisha kuogelea kwa upande, sambamba na ufuo, hadi nguvu ya mkondo iishe, ndipo ageuke kurudi. Aliye nchi kavu naye asijitose kumfuata, kwani mara nyingi huzama wote wawili. Amrushie kitu kinachoelea, hata mtungi mtupu wa plastiki uliofungwa kifuniko barabara, huku mwingine akikimbia kuwaita waokoaji.

Maboya ya tyubu za magari yanayokodishwa ufuoni yana hila yake. Mtoto akiwa ameketi ndani ya tyubu huonekana salama, kumbe anasogezwa polepole hadi pahali ambapo miguu yake haifiki chini. Akiponyoka hapo hana la kushika. Mtoto asiyejua kuogelea awe umbali wa mkono wa mtu mzima, si umbali wa macho, na mtu mzima huyo asiwe yule aliyeachiwa simu nne za kupigia picha. Shule zinazoleta wanafunzi kwa mabasi zingefaa kuzingatia jambo hili kuliko wote, maana mwalimu mmoja hawezi kuwatazama watoto 40 ndani ya maji.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji ulimwenguni mwaka 2021. Katika fuo za umma za Mombasa kuna waokoaji, na kwa kawaida waogeleaji hutakiwa kutoka majini kufikia saa kumi na mbili jioni. Wapo wanaolichukulia agizo hilo kama uonevu wa askari. Ukweli ni kwamba gizani mwokoaji haoni kichwa kinachozama, na aliyekunywa pombe haogopi kitu.

Madhara mengine ni madogo lakini yanaweza kuharibu likizo. Katika mawe na kwenye mwani kuna viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu ambayo hukatikia ndani ya unyayo. Dawa yake ni viatu. Vile viatu vya plastiki aina ya sandak, ambavyo vimewatumikia wakulima wa Trans Nzoia miaka mingi matopeni, vinafaa sana kutembelea juu ya miamba. Konyeza, ambao wengine huwaita yavuyavu, huwasha wanapomgusa mtu. Jua nalo halina huruma kwa ngozi iliyozoea ubaridi wa nyanda za juu, na maji ya kunywa yahesabiwe katika bajeti kama chakula.

Ufuo upi kwa nani

Hakuna ufuo mmoja ulio bora kwa kila mtu, ingawa wauzaji wa safari hupenda kudai hivyo.

Kwa familia inayoiona bahari kwa mara ya kwanza, na hasa inayolala kwa jamaa Kisauni au Changamwe, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta ulioko Bamburi, maarufu kama Pirates, ndio ulio rahisi kuufikia. Matatu hupita karibu, chakula kipo cha bei ya wananchi, na hakuna atakayeuliza mtu amelala hoteli gani. Kasoro yake ni umati. Siku ya Krismasi na ya Mwaka Mpya mchanga hauonekani kwa watu, na mtoto hupotea kwa dakika moja. Afadhali kwenda siku ya kazi, asubuhi, na kuuacha kabla ya saa kumi na moja. Nyali, jirani yake, ni patulivu zaidi.

Diani, katika Kaunti ya Kwale, kiasi cha kilomita 30 kusini mwa Mombasa, ndio ufuo uliopata sifa kubwa kimataifa, na sifa hizo haukupewa bure. Mchanga ni mpana na laini, mwamba uko mbali na minazi iko karibu. Ncha ya kaskazini, mto Mwachema unapoingia baharini, kuna msikiti wa kale wa Kongo uliojengwa kwa mawe na kuzungukwa na mibuyu. Kusini kuna Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, ambao mgeni huingia akiongozwa na wazee wenyewe na kufuata masharti yao. Kima punju weusi wenye mabega meupe huvuka barabara juu ya ngazi za kamba. Anayekwenda Diani pasipo kuviona vitu hivi amelipa nauli ndefu kuona nusu ya mahali. Tiwi, kaskazini mwa Mwachema, ni kimya zaidi na kunawafaa wanaojipikia.

Kufika kusini kulimaanisha kupanga foleni ya feri ya Likoni, ambayo wanaotembea kwa miguu huvuka bila malipo. Kumbukumbu ya Aprili 29, 1994, ambapo feri ilizama Mtongwe na watu 272 wakafa, haijafutika miongoni mwa wenyeji, na ndiyo sababu wazee wa huko huwakemea vijana wanaosukumana gatini. Kwa wenye magari sasa kuna barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini na kuunganisha na barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga bila kupanda feri.

Watamu, kaskazini, ndipo mahali pa maji maangavu kuliko yote. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968 na ni miongoni mwa za kwanza barani Afrika. Kiingilio hulipwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kupitia eCitizen, wala si kwa pesa taslimu mkononi mwa mtu yeyote anayejitokeza ufuoni. Karibu na hapo kuna magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliohamwa karne nyingi zilizopita, ambao wanafunzi wa historia hawana sababu ya kuupita.

Lamu ni habari nyingine. Ufuo wa Shela wenye urefu wa kilomita 12 hivi, hauna mistari ya hoteli, na vilima vyake vya mchanga ndivyo vinavyohifadhi maji matamu yanayotumiwa na kisiwa. Lakini kutoka Mombasa ni safari ya siku nyingine kwa basi hadi Mokowe, kisha mashua. Kwa mwenye siku tano tu kutoka Kitale, Lamu ingemla siku nne barabarani. Atakayefika akumbuke kwamba mji wa kale, ulioorodheshwa na UNESCO mwaka 2001, ni mji wa watu wanaoishi na kuswali humo. Nguo za kuogelea ni za ufuoni, si za vichochoroni.

Ufuo ni wa nani

Si ajabu kumsikia mgeni akisimulia jinsi alivyofukuzwa na mlinzi mbele ya hoteli. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 62, inaiweka ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa katika fungu la ardhi ya umma. Mwananchi anayetembea juu ya mchanga uliolowa yuko katika ardhi ya umma hata ikiwa nyuma yake kuna hoteli ya bei ya juu kiasi gani. Viti, vivuli na vidimbwi vya hoteli ni mali ya hoteli, na huko mlinzi ana haki ya kumzuia.

Mgogoro mkubwa zaidi unahusu jinsi ya kufika kwenye mchanga huo. Njia za umma zilizotengwa kati ya viwanja vya ufuoni zimekuwa zikizibwa kwa kuta na malango kwa miaka mingi, na malalamiko ya wavuvi na wenyeji hayajakoma. Mgeni hawezi kuubomoa ukuta, ila anaweza kuwauliza wenyeji mahali njia ilipo, na kwa kawaida ataelekezwa kwa moyo mkunjufu. Haki ya kupita inaambatana na wajibu. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, vikombe na sahani, zimepigwa marufuku katika maeneo yanayohifadhiwa, fuo zikiwemo. Anayetoka bara na katoni ya chupa za maji begani ajue hivyo.

Vijana wanaouza safari za boti, vinyago na usukaji nywele ufuoni hujipatia riziki kwa kuongea. Inatosha kuwajibu kwa adabu. Bei ikubaliwe kabla ya kupanda boti, idadi ya maboya ya kuokolea ilingane na idadi ya abiria, na kila mtoto avae lake. Mwenye boti asiye na maboya aachwe hata kama bei yake ni nusu.

Wakati wa kwenda na njia ya kufika

Majira ya bahari hutawaliwa na pepo mbili. Kusi huvuma takriban Aprili hadi Oktoba, huku mvua za masika zikinyesha Aprili hadi Juni na mawimbi yakiwa makubwa hadi Agosti. Kaskazi huvuma kati ya Desemba na Machi, nayo huleta joto, bahari tulivu na maji maangavu. Likizo za shule huangukia Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, hivyo familia yenye wanafunzi haina uchaguzi mpana.

Aprili mkulima wa Trans Nzoia yuko shambani akipanda, na Pwani kunanyesha. Agosti hoteli huwa nafuu kuliko Desemba, lakini katika miaka inayogawika kwa mbili familia nyingi za Wabukusu mjini Bungoma na vijijini huwa na sherehe za tohara, na hakuna mjomba atakayesamehewa kwa kuwa Diani wakati mpwa wake anatahiriwa. Desemba ndiyo hubaki. Bahati mbaya, ndio mwezi ambao mahindi yamevunwa lakini mengi hayajauzwa, na wanaolima miwa wanaijua vyema maana ya kusubiri malipo. Wapo wanaouza mapema kwa mawakala kwa bei ya kutupa ili wapate nauli, kisha Januari wakakosa karo. Mwenye uwezo wa kusubiri wikendi ya Februari, bila watoto wa shule, ataipata bahari ile ile ya kaskazi kwa gharama ndogo zaidi.

Barabarani, mabasi ya moja kwa moja hadi Mombasa husafiri usiku kucha na sehemu ya siku, maana umbali ni kilomita 850 na zaidi. Sehemu ya Salgaa na Sachangwan, kati ya Eldoret na Nakuru, imeua wengi. Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa na watu 36 wakafa, jambo lililoifanya serikali kusimamisha kwa muda safari za usiku za magari ya abiria. Inafaa kusafiri mchana hadi Nairobi, kulala kwa jamaa, kisha kupanda treni ya SGR asubuhi. Treni hiyo ilizinduliwa Mei 31, 2017, huchukua saa tano hadi sita kufika Miritini, na hupita katikati ya Tsavo, ambako watoto waweza kuona ndovu wekundu kwa vumbi wakiwa wameketi dirishani.

Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa Januari 2024 kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500, hivyo watu wazima wawili waliokuwa wakilipa Sh4,000 kwenda na kurudi walianza kulipa Sh6,000. Tikiti za Desemba huisha wiki kadhaa kabla, na asiyeingia mtandaoni mapema hujikuta kwenye basi bila kupenda. Kituo cha Nairobi kiko Syokimau, nje ya jiji, na msongamano wa Barabara ya Mombasa umewaacha wengi wakiwa na tikiti mkononi na treni imeondoka. Usafiri wa ndege kupitia Eldoret na Nairobi upo, ila kwa familia ya watu watano gharama yake hutosha kununua ng'ombe.

Wanaofikia kwa jamaa huwa na faida na deni. Faida ni malazi, na mwenyeji atakayewaelekeza katika feri na matatu. Deni ni kwamba nyumba ya vyumba viwili Magongo inaweza kupokea wageni kutoka Chwele, Kimilili na Kiminini kwa wakati mmoja, na mwenye nyumba, kwa desturi, hawezi kumwambia shemeji yake kwamba hakuna nafasi. Kupiga simu mapema, na kuwasili na gunia la unga na kuku wawili, huondoa aibu hiyo pande zote.

Tikiti ya kurudi inunuliwe pamoja na ya kwenda. Katika juma la kwanza la Januari, wakati shule zinakaribia kufunguliwa, nauli za kutoka Mombasa na Nairobi kuelekea magharibi hupanda, na familia zilizotumia hadi shilingi ya mwisho kwa madafu na viazi karai huonekana vituoni zikisubiri kutumiwa pesa kwa simu kutoka nyumbani.